Kula Serengeti Bila Boksi

Kwetu Susuni, Tarime, hakuna anayeuliza chakula kizuri kinapatikana wapi. Mgeni akifika saa ya kula, anakula. Akifika saa isiyo ya kula, moto unachochewa upya na watoto wanatumwa kukimbiza kuku. Kumwelekeza mgeni mgahawani ni kumfukuza kwa adabu. Kwa hiyo shemeji yangu wa Unguja, aliyemwoa dada yangu mdogo, aliponipigia simu kuniarifu kwamba anakuja kuona nyumbu na kwamba malazi si hoja ila njia nzima anataka tule vizuri, sikuwa na jibu la haraka. Tarime nimezaliwa, Mugumu napita kila mwaka. Lakini swali lile ni la mtu wa mjini, tena mji wa watalii.

Ana haki ya kuliuliza. Amekulia Mji Mkongwe, na Forodhani anaijua tangu kabla haijafungwa kwa ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Anajua meza ipi pweza wake kavuliwa leo na meza ipi pweza wake keshapigwa picha na watalii wa juzi. Anajua Waunguja wenyewe wanakunywa urojo wapi wakitoka kazini. Kanuni yake ni moja, nayo kaishika tangu ujana: mgahawa uliomweka mtu mlangoni wa kuvuta wapita njia haupikii watu watakaorudi. “Anayenivuta mkono, shemeji, hanitarajii tena.”

Nilimwambia kanuni hiyo haitamsaidia huku. Wilaya ya Serengeti inapitiwa na watu wa kila bara, lakini hakuna atakayemvuta mkono, kwa sababu hakuna anayetegemea mtalii ale kilichopikwa wilayani. Mtalii wa Serengeti anakuja na chakula chake kwenye boksi.

Kwa upande wetu habari ya boksi hilo inaanzia mpakani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na njia ya Bologonja iliyounganisha Serengeti na Maasai Mara ikafungwa nayo. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983, ila njia ile ya kupitia hifadhini haikurudishwa kwa watalii. Anayetaka kuona pande zote mbili kwa gari anazunguka hadi Isebania, anagongewa mihuri katika kituo cha pamoja cha Sirari, kisha anashukia Tarime kuelekea Mugumu au upande wa ziwa. Wenye fedha zaidi wanaruka kwa ndege ndogo mpaka Migori, wanavuka mpaka kwa gari, wanapanda ndege nyingine uwanja wa Magena hapohapo Tarime, wanatua Kogatende kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Wote hao wanapita kwetu, wengi wao mchana, wengi wao na njaa. Wanapita tu.

Boksi lenyewe nimelifungua mara kadhaa kwa hisani ya madereva, ambao wanaliita lanchi boksi na wamelichoka. Kuna paja la kuku lililokaangwa usiku wa kuamkia safari, yai la kuchemsha, ndizi moja, kipande cha keki kilichokauka pembeni, juisi ya paketi, na ukibahatika chokoleti iliyokwisha yeyuka. Silidharau. Ndani ya hifadhi hushuki utakapo, na kula kuna sehemu zake zilizotengwa. Mtu aliyekaa garini tangu alfajiri akimngoja chui ashuke mtini anahitaji kitu cha kushika mkononi. Kinachonishinda ni kuliona boksi hilo likifunguliwa Tarime mjini, mbele ya bucha.

Maana Tarime nyama ni jambo zito. Mkurya ni mfugaji, na hata yule aliyehamia mjini na kuacha zizi kwa kaka yake, nyama anainunua kifugaji: anauliza ng'ombe kachinjwa saa ngapi, anatazama mafuta yana rangi gani, anageuza paja autafute muhuri wa mkaguzi, ndipo aingie kwenye bei. Bucha na jiko vinakaa pamoja. Unachagua kipande kilichoning'inia, kinapimwa mbele yako, kinapitishwa dirishani kwa mchomaji, kinaingia motoni na chumvi basi. Halafu unakaa. Hapo ndipo watu wenye haraka wanapopata nyama mbaya, kwani mbavu za mbuzi hazichomwi kwa dakika kumi. Anayekuletea kwa dakika kumi kakuletea za mtu mwingine zilizorudishwa jikoni.

Shemeji alitaka kwanza kujua nani kachinja. Ni swali la kawaida, halimkeri mtu. Katika machinjio mengi nchini mchinjaji ni Mwislamu, na mwenye bucha alimjibu hivyo bila kuacha kunoa kisu. Kisha akamwonyesha jiko la pili ng'ambo ya uzio wa mabati, la kitimoto, lenye visu vyake, gogo lake la kukatia na mchomaji wake.

“Huku na kule hatuazimani hata chumvi, mzee.”

Shemeji alikaa. Mimi pia jibu lile lilinitosha. Kitambaa cheupe mezani hakinielezi chochote kuhusu jikoni, ila mtu anayejua kila kisu chake kimekata nini ananieleza mengi.

Tukala mbavu, kachumbari, ndizi za kuchoma. Kisha nikamwagizia kichuri. Mtu wa Mara haelezwi kichuri, lakini wasomaji wa kwingine wanivumilie. Ni nyama za ndani, utumbo na wenzake, zilizopikwa na majimaji ya kijani yanayokamuliwa kutoka utumbo wa mbuzi au ng'ombe na kuchujwa. Mnyama kala majani, majani yamesagika tumboni, na uchungu wake ndio kiungo. Yakizidi, ulimi unakufa ganzi. Yakipungua, umekunywa supu ya utumbo unayoweza kuipata Kariakoo. Kipimo kinakaa mkononi mwa mpishi, na ndiyo maana kichuri hakiliwi popote. Kinaliwa kwa mtu fulani. Tarime ukiuliza mgahawa gani una kichuri kizuri utatajiwa jina la mpishi, na mpishi huyo akihama, wateja wanahama naye kabla mwenye mgahawa hajajua kilichotokea.

Shemeji alilitazama bakuli, akanusa, akauliza kama kuna ndimu. Hakuna ndimu. Akala na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, ambao ukiumega haurudi kujifunga. Nusu ya kwanza hakusema neno. Katikati ya nusu ya pili akasema uchungu ule unafanya kazi ya ukwaju kwenye urojo, unayazuia mafuta yasikukinaishe. Nimekula kichuri tangu sijajua kuvaa viatu na jambo hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nilimwagizia nyongeza.

Mwanamume aliyekaa meza ya jirani, ambaye kwa muda wote alikuwa akimtazama huyu mgeni wa kofia ya kiua, alishindwa kujizuia. “Mura, huyu mmemtoa wapi?” akaniuliza. Nikamwambia ni mkwe wetu kutoka Unguja. Akanyamaza kidogo akipiga hesabu zake za mahari na umbali, kisha akamtumia soda.

Kutoka Tarime tulipita Nyamwaga na Nyamongo. Nyamongo ni mgodi wa dhahabu wa North Mara na mji uliojishikiza ubavuni mwake, na si mahali pa kumpeleka mtu kwa ajili ya chakula. Hata hivyo mji wa watu wa zamu una sufuria motoni saa zote. Tulifika saa kumi alasiri, saa ambayo kwingineko unapewa wali uliopoa tangu mchana, tukapata wali unaotoa mvuke na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Bei ilikuwa ya dhahabu pia. Tukavuka daraja la Mto Mara, mto uleule unaoshuka kutoka Mau kule Kenya, ukapita Maasai Mara na kaskazini ya Serengeti ukiuza picha duniani kote, halafu ukafika hapa umechoka na wa kahawia, kina mama wakifua kandokando. Ng'ambo ni Wilaya ya Serengeti.

Mugumu, makao makuu ya wilaya, kila dereva wa upande huu wa hifadhi anaufahamu, na karibu hakuna mtalii anayeweza kuutaja. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, ina kilometa za mraba 14,763, mwaka 1981 ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Katika vitabu vyote vinavyosimulia hayo sijaona picha ya soko la Mugumu. Pale wanakutana Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, pamoja na Wasukuma waliofuata mashamba na Wachaga waliofuata maduka, na kila mmoja kaja na namna yake ya kupika mboga. Ukitaka kula wilaya nzima bila kuizunguka, kaa Mugumu.

Lakini ujue pa kukaa. Mgahawa wa kwanza tulioingia ulikuwa barabarani, rangi mpya, simba kachorwa ukutani, na ubao wenye vyakula vingi kuliko meza. Shemeji aliusoma kwa heshima.

“Samaki wa kuoka?”

“Wameisha.”

“Kuku wa nazi?”

“Huyo mpaka uagize jana.”

“Tambi na nyama ya kusaga?”

“Mpishi wake kasafiri.”

“Basi kuna nini, mwanangu?”

“Chipsi mayai.”

Tuliaga vizuri. Binti yule hakuwa na kosa. Ubao ule aliuandika mtu aliyeambiwa kwamba watalii wanakuja, akaorodhesha anavyodhani watalii wanapenda, kisha watalii wakapita na maboksi yao, na ubao ukabaki ukimwaibisha binti kila mchana. Simba wa ukutani siku hizi namwogopa kuliko wa porini. Palipo na simba ukutani pana mwenye mgahawa aliyekuwa akimfikiria mtu asiyekuja, huku akimsahau aliyekuja.

Nyuma ya soko tulimkuta mama mwenye masufuria yake, benchi mbili, ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisipotee.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu, karibuni. Leo kuna ugali na wali. Mboga ni nyama, dagaa na mgagani. Samaki walikuwapo, wameisha.”

Hapo nikamgusa shemeji atazame. Juu ya benchi ya pili kulikuwa na sahani zenye miba iliyosafishwa mpaka ikang'aa. Samaki wa huku walikuwapo kweli, na waliokuja kabla yetu wamewamaliza. Ukitafuta chakula katika mji usioujua, usikimbie mahali palipoishiwa. Njoo mapema zaidi kesho. Mahali pa kukimbia ni pale ambapo saa tisa mchana kila kitu bado kipo.

Mgagani wa mama yule ningeweza kuuandikia makala peke yake. Mgagani ni mchungu, na mpishi mvivu anauficha uchungu kwa kumwaga mafuta. Yeye aliuchemsha, akamwaga maji, akaurudisha jikoni na maziwa, akauacha mpaka maziwa yakakaribia kukauka na kushikana na majani. Ukila na ugali wa mtama, unapata uchungu kidogo mwishoni, baada ya kumeza, kiasi cha kukukumbusha ni mboga gani. Dagaa walikuwa wa Ziwa Viktoria, wamekaangwa wakavu na kitunguu. Nyama sikuigusa. Shemeji, ambaye kwao mchicha unapikwa kwa nazi na hapati kuambiwa nazi imeisha, aliuliza maziwa yanawekwa lini, kabla ya chumvi au baada. Mama akamjibu kwa kirefu, wakaanza kuelezana, na mimi nikabaki nje ya mazungumzo kama mtoto mbele ya wakubwa. Tulitozwa bei ileile aliyotozwa kijana wa bodaboda aliyekaa pembeni yetu. Niliisikia.

Jioni mwanamume mmoja alitusogelea stendi, akatazama kulia na kushoto, akauliza kwa sauti ya chini kama tunahitaji nyama ya porini. Watu wanaosafiri pembezoni mwa hifadhi watakutana naye mahali fulani, kwa hiyo niseme wazi. Kwa jamii kama Waikoma uwindaji ulikuwa sehemu ya maisha kabla ya hifadhi kuwekewa mipaka, na simlaumu babu wa mtu kwa alichokula. Ila leo nyamapori ina njia yake ya halali: kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha zenye leseni, na nyama inauzwa hadharani ikiwa na nyaraka zake. Inayouzwa kwa kunong'ona stendi haina mkaguzi, haina muhuri, na kesi yake haikuachi kwa sababu ulikuwa na njaa tu. Tulimjibu tumeshiba. Ilikuwa kweli.

Dereva tuliyemkodi kwa ajili ya hifadhini alikuwa kijana wa Kingoreme, mwenye miaka mingi kwenye kazi ya kutembeza wageni. Nilimwambia nilikuwa na mpango wa kula popote nitakapoona magari ya watalii yameegeshwa, kwa kuwa madereva ndio wanaojua njia. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

“Kaka, usiangalie ninapowapeleka wageni. Angalia ninapokula nikiwa peke yangu.”

Akaeleza kitu ambacho kila mtu wa biashara hiyo anakijua na hakiandikwi. Mahali pengi pa watalii, dereva anayeleta gari la wageni anakula bure, na pengine anaondoka na kitu mfukoni. Si rushwa kubwa, ni shukrani, lakini imetosha kuyafanya magari yaliyojaa yasikuambie lolote kuhusu chakula. Gari la kulifuata ni lile lililorudi tupu: paa limefungwa, vumbi mpaka kwenye vioo, wageni wameachwa kambini, saa kumi na mbili au moja ya usiku. Dereva huyo analipa kutoka mfukoni mwake. Mfuko wa mtu ndio shahidi ninayemwamini.

Akatupeleka. Ni kibanda nyuma ya gereji, hakina jina, kina taa moja, na Land Cruiser zimepangwa nje utadhani kuna mkutano. Kinapikwa chakula kimoja tu: ndizi na nyama ya mifupa, rojo nzito, pilipili mbichi kando. Unapewa bakuli na kijiko. Asubuhi palepale pana supu na chapati, na saa mbili ikipita unaambiwa uende ukanywe chai kwingine. Nilimuuliza mpishi ndizi zake zinatoka wapi.

“Tarime, baba. Za kule milimani ndizo haziwi maji zikiiva kwenye mchuzi.”

Huenda zilitoka hata Susuni. Sikusema kitu, nikamtazama shemeji ambaye dada yangu amempikia ndizi hizohizo kwa miaka. Yeye alikuwa anahesabu mambo mengine. Alikuwa amemuuliza dereva kambi za hifadhini zinapata wapi ndizi za kwenye yale maboksi, na dereva kamjibu kwamba kambi nyingi mboga na matunda yao yanapanda lori Arusha, yanavuka Ngorongoro, yanakuja mpaka huku. Kumekuwapo na juhudi za kuwaunganisha wakulima wa vijiji vya jirani na hoteli hizo, na baadhi wameuza mboga zao. Lakini ugumu unajulikana: hoteli inataka kiasi kilekile, ukubwa uleule, siku ileile kila wiki, na mkulima mwenye robo eka na mvua ya kubahatisha hawezi kuahidi hivyo. Lori la Arusha linaahidi. Kwa hiyo ndizi inasafiri siku nzima kumfuata mtalii aliyepita mbele ya migomba akiwa amelala kitini.

Siku iliyofuata tulipita Robanda, kijiji cha mwisho kabla ya geti la Ikoma, na kuingia hifadhini. Nyumbu tuliwaona, na simba pia, na shemeji alipata picha zake; hayo wameyasimulia wengi. Mimi nitasema habari za saa saba mchana. Katika sehemu ya kulia chakula karibu na kituo cha wageni cha Seronera, watu wa mataifa mbalimbali walikuwa wamefungua maboksi yao juu ya meza za zege. Pimbi walikuwa wametanda kwenye mawe. Kwezi, wale ndege wa bluu na tumbo la rangi ya kutu, walikuwa wakirukaruka chini ya meza wakisubiri makombo, na ingawa kuwalisha wanyama ni marufuku, ndege wale wanajua keki inavunjikaje mikononi mwa mtu. Nilitazama maboksi yanavyokusanywa: ndizi zimeliwa, mayai nusu kwa nusu, kuku wengi wamebaki.

Sisi dereva wetu alituchukua hadi kwenye kantini ya wafanyakazi. Watu wanasahau kwamba katikati ya Serengeti kuna watu wanaoishi: askari wa hifadhi, mafundi wa magari, watumishi wa kambi, walimu. Wote hao wanakula, wala hawali kwenye boksi. Tulipewa wali, maharage, kabichi na kipande cha nyama, chakula cha kawaida kabisa ambacho Dar es Salaam nisingekisimulia. Kilikuwa cha moto. Meza nzima walikuwa madereva wakizungumzia duma mmoja na bei ya tairi. Mmoja wao alimuuliza shemeji kama ni kweli Zanzibar watalii wanakaa benchi moja na wenyeji wanakula pamoja usiku. Shemeji akasema ni kweli, na ndiyo sababu chakula kimepanda bei, na ndiyo sababu pia kipo. Wakalizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko duma.

Nje basi la Musoma kwenda Arusha lilikuwa likipita. Watalii wengi hawajui kwamba kuna basi la abiria linalokatiza hifadhi hii, lenye magunia juu na watoto wanaolia ndani, na kwamba abiria wake wanalipia kiingilio juu ya nauli. Humo ndani kuna mayai ya kuchemsha, karanga, mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa Mugumu, chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Wanaona simba yuleyule dirishani.

Tulitoka kwa njia ya magharibi, ile inayofuata Mto Grumeti mpaka geti la Ndabaka. Ni ndefu, ina mbung'o wanaouma kupitia shati, na haina mahali pa kununua hata maji. Ukipita huko, shiba kwanza. Tulipotokea barabara kuu ya Mwanza na Musoma jua lilikuwa limeanza kuinama, na tukageukia kusini kidogo mpaka Lamadi, ambayo tayari ni Simiyu. Wivu wa kimkoa haujazi tumbo.

Lamadi wanakaanga sato. Ziwa liko karibu, Ghuba ya Speke, na samaki anafika bado anang'aa. Sangara nao wapo, ila sehemu kubwa ya sangara mnene inaishia viwandani, inakatwa minofu, inasafirishwa nje. Sato ndiye anayebaki na sisi. Mtazame macho, mfunue mashavu uone wekundu, na umpime kwa shubiri: sheria inakataza kuvua sato mfupi kuliko sentimeta 25, na muuzaji anayekupa mdogo zaidi ya hapo ana mengine anayokuficha. Patana bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Shemeji, mtoto wa bahari, alianza kwa kusema samaki wa maji baridi hana ladha. Alichagua mwenyewe, akaagiza achanjwe mara tatu kila ubavu, apakwe chumvi na aachwe kwanza, akasimamia mafuta yapate moto. Mama mkaangaji alimwacha afanye, akiwa kakunja mikono.

“Kwenu huko nani anapika, wewe au mke wako?”

“Mke wangu, mama. Mimi nasimamia.”

“Ndivyo nilivyoona.”

Samaki alikuwa mzuri, na ugali wa muhogo ulikuwa mzuri zaidi. Tulimuuliza mama kama magari yanayotoka getini huwa yanasimama kwake. Akasema yanasimama kununua maji, wageni wanabaki garini, dereva anashuka. Madereva wengine wanarudi kesho yake peke yao. Julai mpaka Oktoba anaongeza karai la pili kwa ajili yao, na kwa ajili ya mabasi. Akatushauri tulipe mapema na tunawe, kwa sababu basi la jioni la Musoma lilikuwa njiani, na likifika benchi zote ni za abiria.